Tabaka la Tatu

Kichwa cha mashine kilipita juu ya tumbo la Eliwaza mara ya tatu, na mara ya tatu kioo kikaandika kilekile: wiki thelathini na nane. Naelijwa Mgonja akakifuta kichwa kile kwa kitambaa, akakitundika mahali pake, kisha akafanya jambo ambalo mwongozo haukulitaja popote. Aliweka viganja vyake viwili juu ya tumbo, akafumba macho, akamtafuta mtoto.

Mtoto alikuwa ameshuka. Kichwa chake kilikuwa kimejikita kwenye nyonga, kimetulia kama mtu aliyefika mlangoni na mizigo yake. Maji yaliyomzunguka yalikuwa haba. Huyu hakuwa mtoto wa wiki thelathini na nane. Huyu alikuwa amechoka kusubiri.

"Mara ya mwisho kuona siku zako ilikuwa lini, mwanangu?"

"Hata sijui, mama," Eliwaza akajibu, akijifunika. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili, mimba yake ya pili. "Nilikuwa bado namnyonyesha huyu mkubwa. Siku zilikuwa hazijarudi. Nilishtukia tu tumbo hili hapa."

"Anacheza?"

"Anacheza. Si kama zamani, lakini anacheza."

Kwa mwanamke asiyezijua siku zake, mashine ndiyo kalenda. Naelijwa alimwambia apumzike kwenye benchi la nje, akafunga mlango, akarudi kuketi mbele ya kioo.

Bangili ya kijivu ilikuwa kwenye mkono wake wa kulia tangu miaka minne iliyopita, na ndani yake mlikuwa na kila kitu alichowahi kusoma baada ya darasa la saba. Tabaka la kwanza, usafi na kuzuia maambukizi. La pili, mapigo na joto. La tatu, kupima mimba kwa mashine. Mpaka la kumi na moja. Kila ulichofuzu kilipangwa juu ya ulichofuzu kabla yake, na watu wakauita mnara. Ukiwa na tabaka la kifaa fulani, kifaa hicho kinakuamkia ukikikaribia. Usipokuwa nalo ni sanduku tu, hata ukilipiga teke. Na mnara ni mnara: tabaka la chini likivunjwa, yaliyo juu yake yote hulala siku hiyohiyo.

Chuo cha Ngazi kilikuwa kimeanzishwa kwa ajili ya watu kama yeye: waliokatizwa shule kwa ada, kwa mimba, kwa mbuzi wa kuchunga, kwa baba aliyesema inatosha. Hukuhitaji kuhamia mjini wala kumwachia jirani watoto. Ulisoma kipande, ukaenda kuvuna tangawizi, ukarudi ukakikuta kipande chako palepale kinakungoja. Naelijwa alianza akiwa mfagiaji wa zahanati hii hii ya Vumbwe, juu huku milimani Upareni. Sasa ndiye aliyekuwa akiiendesha, na tabaka la kumi na mbili, lile linalokamilisha stashahada, lilikuwa lifungwe Alhamisi. Hii ilikuwa Jumanne.

Alifungua ukurasa wa nyuma wa mashine, ule ambao hakuna anayeufungua. Ulikuwa na sehemu iitwayo mizania ya mkono. Wakati wa tabaka la tatu, mwanafunzi hukaa saa arobaini akilipima tumbo la mpira, na bangili hujifunza mkono wake: unakandamiza kiasi gani, unainama upande gani, unatetemeka wapi. Baada ya hapo, kila mashine atakayoigusa maishani hupunguza au kuongeza kidogo ili kusahihisha mkono huo. Ni ufundi mzuri. Mkono wa seremala na mkono wa mwalimu hupata jibu moja.

Mizania ya Naelijwa iliandikwa: *mkono wa kushoto, mwepesi.*

Alitazama mkono wake. Ulikuwa wa kulia, mzito, wenye sugu za jembe za miaka thelathini.

Basi akakumbuka wiki ya matanga ya mama mkwe, na akajua mkono wa kushoto ulikuwa wa nani.

Wiki ile, saa arobaini za tumbo la mpira zilikuwa zimebakiza siku sita muda wake uishe, na Naelijwa alikuwa jikoni kwa marehemu akipikia watu mia. Mwajabu Mrutu, mwenzake tangu ujana, aliyeanza naye tabaka la kwanza siku moja, alikuja akamvua ile bangili bila maneno mengi. Siku zile bangili zilikuwa bado zinavulika. "Wewe zika," alisema. "Mimi nitakukalia." Akamaliza saa zake, akakaa na za Naelijwa. Baada ya matanga Naelijwa akaenda kumpalilia Mwajabu tangawizi ekari nzima. Huku milimani kitu hicho kina jina, kiwili: leo mnalima kwangu, kesho kwako, na hakuna anayelala na kazi yake haijafanyika eti kwa sababu amefiwa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyefikiri kwamba wameiba.

Na Chuo nacho hakikuona. Kilikuwa na mitambo mikali ya kunasa wanaouza na kununua masomo. Mitambo hiyo ilichungulia simu za wanafunzi kutafuta pesa iliyotumwa kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Lakini hapa hapakuwa na senti iliyopita. Wataalamu waliobuni ulinzi ule waliwaza kila aina ya mwizi, ila hawakumwaza mtu anayemfanyia mwenzake kazi bure.

Kwa hiyo kwa miaka miwili na nusu mashine ilikuwa ikisahihisha kosa ambalo Naelijwa hakuwa nalo. Ilidhani mkono ni mwepesi, ikapunguza. Wiki moja kwa mimba changa. Mpaka wiki tatu kwa zilizokomaa. Akina mama mia mbili na kumi na nne walikuwa wamepita chini ya mkono huo.

Wengi walijifungua salama, kwa kuwa watoto hawasomi vioo. Lakini wa Nakiete, mwezi Aprili, alitoka na kucha ndefu na ngozi inayobambuka, na hakulia. Siku kumi kabla ya hapo Naelijwa alikuwa amemwambia Nakiete, kwa upole na kwa uhakika wote wa tabaka la tatu, kwamba bado wiki tatu.

Naelijwa aliinamisha kichwa mezani. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa.

*

Jumatano alivuka bonde kwenda kwa Mwajabu. Mwajabu naye alikuwa na tabaka kumi na moja, na zahanati yake upande wa pili, na siku hiyo ya mapumziko yake alikuwa uani kwake akiosha tangawizi kwenye karai. Alimsikiliza mwenzake mpaka mwisho bila kuacha kuosha. Kisha akaacha.

"Mama Bariki," akasema, akimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza kama alivyozoea, "uliniomba?"

"Sikukuomba."

"Nilikudai?"

"Hukunidai."

"Basi usije hapa na uso wa polisi. Nilikuona una msiba, nikakusaidia. Kama ningekuacha wiki ile leo ungekuwa unapiga deki."

"Sijaja kukulaumu, Mwajabu. Nimekuja kwa sababu mtoto wa Nakiete amekufa."

Mwajabu akachukua kitambaa cha kufutia tangawizi. Akakikamua, akakianika, akakianua tena bila sababu.

"Unajua kanuni," akasema hatimaye. "Aliyefanya na aliyefanyiwa. Minara yote miwili huvunjwa. Mimi nina wanafunzi wawili sekondari na baba yao yuko huko alikokwenda. Lakini tuache hayo ya tumbo langu. Kuna wanawake wanane hapo Vumbwe wamelifunga tabaka la kwanza, wanakungoja wewe uwe na la kumi na mbili uwasimamie la pili. Wewe ukianguka, nani atawasimamia? Na wale wakubwa wa vyuo vyenye maghorofa, waliosema tangu mwanzo kwamba elimu ya vipande ni ya kudanganyana, utawapa zawadi gani kuliko hiyo? Watasema, si tuliwaambia? Wapeni hawa majembe yao."

"Najua."

"Na zahanati? Ukizimika, mashine ya Vumbwe itaguswa na nani? Akina mama watapimwa na nani, na upepo?"

Hayo yote yalikuwa kweli, na Naelijwa alikuwa ameyahesabu mwenyewe njia nzima.

"Sasa unataka nifanye nini?"

Mwajabu akamsogelea, akamshika mkono uliokuwa na bangili. "Umelijua kosa. Kosa linalojulikana si kosa tena. Mashine ikisema thelathini na nane, wewe kichwani unaongeza tatu. Unamwambia mama, nenda hospitali leo. Nani atakufa? Hakuna. Na wale waliokwisha kupimwa wapitie mmoja mmoja taratibu, waambie unawapima tena. Basi. Mungu anatuona, anajua hatukukusudia."

Naelijwa aliona aibu kwa jinsi maneno hayo yalivyompoza. Alirudi akivuka bonde kwa miguu miepesi kuliko aliyoendea. Njiani alimpitia Eliwaza, akamwambia kesho asubuhi aende hospitali kubwa bondeni, asisubiri.

"Lakini mashine ilisema bado, mama."

"Mimi ndiye ninayekuambia."

*

Alhamisi, saa tatu asubuhi, gari la wagonjwa lilisimama mbele ya zahanati, jeupe, bila dereva. Eliwaza alikuwa amekwisha fika na kanga zake kwenye kikapu, na uso wake haukuwa ule wa Jumanne.

"Hajacheza tangu alfajiri," akasema. "Nimekunywa chai ya sukari kama ulivyotufundisha. Hajacheza."

Naelijwa alimsogeza mpaka mlangoni pa gari. Gari likasoma kitambulisho cha Eliwaza, likachungulia faili lake la hospitalini, na mlango uliokuwa umefunguka nusu ukajifunga.

"Mimba ya wiki thelathini na nane," likasema kwa sauti ya kike, tulivu. "Hakuna uchungu. Hakuna damu. Mjamzito apumzike kwa ubavu wa kushoto na apimwe tena kesho."

"Faili si sahihi," Naelijwa akaliambia gari.

"Faili limetiwa saini na mpimaji mwenye tabaka la tatu, Naelijwa Mgonja. Je, una kipimo kipya?"

Alimrudisha ndani, akampima upya, mbio mbio. Mapigo ya mtoto yalisikika, lakini yalikuwa yanapanda na kushuka vibaya, na kioo kikaandika thelathini na nane na siku mbili. Alijaribu kuandika arobaini na moja kwa mkono wake. Mashine ikakataa: tarakimu ya mtu haiwezi kupita tarakimu ya kipimo kilichosahihishwa. Alipiga simu hospitali. Baada ya kujibizana na mtambo alimpata binadamu, kijana mwenye adabu, ambaye naye alisoma kioo kilekile.

"Mama, thelathini na nane bado ana nafasi. Leo tumejaa wenye arobaini na kuendelea. Kesho asubuhi tutamtazama."

Hapo ndipo ushauri wa Mwajabu ulipovunjika mikononi mwake. Angeweza kuongeza wiki tatu kichwani mwake, lakini hakuweza kuziongeza kwenye kichwa cha gari.

Mwalimu Kisaka aliyakuta mambo hayo katikati. Alikuwa mtahini wa Chuo, mzee mwenye sweta la kijani, aliyepanda milima hii miaka minne na tumbo la mpira mgongoni akiwabembeleza wanawake waamini kwamba hawajachelewa. Leo alikuwa amevaa tai.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama, marahaba. Mbona jasho? Kufunga tabaka ni dakika tano tu."

Akamwambia yote, wamesimama pale mlangoni, Eliwaza akiwa kitandani nyuma ya pazia. Mwalimu Kisaka alisikiliza, na rangi ya uso wake ikabadilika polepole. Alivua miwani.

"Nani mwingine anajua?"

"Mwajabu, na sasa wewe."

"Basi nisikilize. Nipe mpaka Jumatatu. Nitaandika barua, nitakwenda mwenyewe makao makuu, niwaeleze hii kiwili yenu ni nini. Kuna njia ya kurekebisha mizania bila kuvunja minara, nina hakika ipo, haijatungwa tu. Ukitangaza leo utaratibu hauna huruma. Unakata tu."

"Tabaka likivunjwa, vipimo vyake vinakuwaje?"

Mwalimu alielewa swali lilikokuwa likienda. "Vinafutwa. Vyote. Kila mama anahesabiwa kama hajawahi kupimwa."

"Na mjamzito asiyejulikana wiki zake, ambaye mtoto wake hachezi?"

"Anapokelewa saa hiyohiyo," akasema Mwalimu Kisaka. "Hilo gari halina ruhusa ya kumkataa."

Naelijwa alirudi ndani. Simu ilikuwa kwenye mfuko wa aproni, na vidole vyake viliigusa. Alipaswa kumpigia Mwajabu. Alilijua hilo kama alivyojua jina lake. Lakini alimfahamu mwenzake na ulimi wake, na alijifahamu mwenyewe: kama angesikia habari za wale watoto wawili wa sekondari mara moja zaidi, angesita, na nyuma ya pazia mapigo yalikuwa yakishuka tena. Akaiacha simu mfukoni.

Aliinua bangili mpaka karibu na mdomo.

"Natangaza. Saa arobaini za tabaka la tatu hazikufanywa na mkono wangu."

"Tangazo limesikika," bangili ikasema. "Zilifanywa na nani? Bila jina, tangazo halikubaliwi."

Mwalimu Kisaka aligeuza uso dirishani. Eliwaza aliuliza kutoka nyuma ya pazia, "Mama, kuna nini?"

"Mwajabu Mrutu," akasema Naelijwa.

Hapakuwa na kengele wala taa nyekundu. Mashine ya kupimia mimba ilizimika kwanza, kisha ya damu, kisha jokofu la chanjo likalia mara moja na kujifunga. Bangili ikaachia, ikadondoka sakafuni. Nje, mlango wa gari ukafunguka wote.

"Mjamzito asiye na kipimo," likasema gari. "Dharura. Tafadhali apandishwe."

Walimpandisha wakimshika huku na huku, mwalimu na tai yake, na gari likashuka mlima kwa kasi ambayo hakuna dereva wa huku angethubutu. Baada ya dakika arobaini yule kijana wa hospitali alipiga: wamempokea, wanampeleka chumba cha upasuaji, mtoto bado ana mapigo. Naelijwa alisema asante. Alikaa kwenye benchi la nje, alipokuwa akikaa siku za ufagio, na machozi yakamtoka asiyafute. Mwalimu Kisaka aliketi ncha ya pili ya benchi, akiwaza barua atakayoiandika na mtu wa kumwandikia.

Ndipo simu ikalia mfukoni. Ilikuwa Mwajabu.

"Nimezimika," akasema. Hakupiga kelele. Nyuma yake ilisikika sauti ya mwanamke akiuliza kitu. "Nilikuwa na mtu kitandani. Umesema?"

"Nimesema. Kulikuwa na mama, Mwajabu, mtoto alikuwa hachezi, gari lilikataa..."

"Naam."

"Nisamehe."

"Amefika?"

"Amefika. Wamempokea."

Mwajabu alivuta pumzi. "Jana ulipoondoka sikula, na usiku sikulala. Leo nilisema nikimaliza foleni hii ya wagonjwa, saa nane, navuka bonde, nakuja kwako, tutangaze pamoja. Niliwaza hata nguo ya kuvaa. Ungenipigia tu, Mama Bariki. Ningejitaja mwenyewe. Hilo nalo umenifanyia wewe."

Naelijwa hakujua kama ni kweli, na alielewa kwamba hatajua kamwe. Kwenye simu Mwajabu alikuwa amekwisha mgeukia yule mwanamke kitandani, na akasikika akimwomba radhi na kumwelekeza zahanati nyingine ya kwenda.